Kikapu Changu Hakina Ankara

Siku niliyoandika mifuko 2,400 ya saruji mahali pa 240, sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimechoka, tena kwa muda mrefu hata nikadhani ndiyo tabia yangu.

Mimi ni wakala wa forodha Manyovu, mpakani mwa Tanzania na Burundi, wilaya ya Buhigwe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kasulu. Kazi yenyewe ni ya karatasi na kioo cha kompyuta. Napokea ankara na nyaraka za mzigo, naingiza tarakimu kwenye mfumo, nafuatilia malipo, nasubiri ukaguzi, lori linavuka kwenda Mugina, upande wa Burundi. Ukikosea sifuri moja, mfumo haukuonyi. Unakuacha uvune ulichopanda. Sifuri yangu ilimlaza dereva mmoja mpakani siku tatu. Na Manyovu si Dar es Salaam. Huku ni milimani. Kuna asubuhi ukungu unakaa barabarani mpaka saa tatu, na aliyekuja na fulana na kandambili anajuta. Siku ya tatu dereva yule alikuja dirishani kwangu amejifunika turubai. Nikajiandaa kutukanwa. Akanitazama, akasema, "Kaka, nenda kalale. Macho yako yananitazama, lakini humo ndani hamna mtu."

Miaka minne imepita. Siku hizi nashona vikapu. Nashona vibaya, na sina mpango wa kuwa fundi. Haya ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio ambao maisha yenyewe yaliuchagua.

1. Kulala si kupumzika

Zahanati walinipima, wakakuta presha imepanda, wakaniambia nipumzike. Nikaomba ruhusa ya siku saba, nikalala. Ule usingizi wa mchana ambao ukiamka kichwa ni kizito kama gunia, na simu iko chini ya mto. Nilikuwa kwenye magrupu manne ya WhatsApp ya kazi, na katika kila moja palikuwa na lori lililokwama. Jioni nikaenda kwenye nyama choma, nikakaa na mawakala wenzangu, tukazungumza malori. Siku ya nane nilirudi ofisini na uchovu wangu uleule, ila sasa ulikuwa umenawa uso.

Baadaye sana nikakutana na kazi ya wanasaikolojia wawili, Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, ya mwaka 2007. Walitenganisha mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: akili kuachana na kazi, mwili kutulia, kumudu jambo jipya, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako mwenyewe. Nikajihesabia. Katika siku zile saba nilikuwa nimepata moja, kutulia kwa mwili, tena nusu yake. Akili ilikuwa imebaki getini inahesabu mifuko.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likasisitiza kwamba wenyewe si ugonjwa bali ni hali itokanayo na kazi: nguvu kuisha, moyo kuikimbia kazi, na mtu kujiona hafai tena kwa kile anachokifanya. Nilisoma nikacheka. Dereva aliyevaa turubai alikuwa ameshanipima yote matatu bila kipimo.

2. Salamu ni nusu ya somo

Njiani kwangu pana kibaraza cha bibi mmoja anayeshona vikapu. Kwa miaka miwili nilipita pale nikitupa "shikamoo" bila kusimama, na "marahaba" yake ikinikuta mgongoni. Sisi watu wa Tanga tunajisifu kwa adabu, lakini salamu ya Waha, wenyeji wa huku, ni shughuli kamili. Mnashikana mikono, mnapiga makofi madogo, mnaulizana ya nyumbani, ya watoto, ya mvua, ya maharage, kisha mnarudi mwanzo kama vile hamjaulizana kitu. Mtu wa forodha akiona hivyo anaona foleni imesimama.

Jioni moja mfumo ulikuwa umeganda tangu saa nane na sikuwa na pa kuwahi. Nikasimama. Salamu yetu ilichukua karibu robo saa, na tulipofika kwenye maharage Bibi alikuwa ameshakishika tena kikapu chake.

Nikamwambia kwamba nyanya yangu kule Tanga alikuwa akisuka ukili. Akauliza ukili ni kitu gani. Nikaona aibu kidogo kwa kuwa nilikuwa najua jina kuliko kazi. Pwani, nikamweleza, tunasuka miyaa iwe utepe mrefu, huo ndio ukili, kisha tunaunganisha ukili kwa ukili kwa shazia mpaka unakuwa mkeka au kikapu. Akatikisa kichwa kwa huruma. Kwake hakuna utepe. Unachukua fungu jembamba la nyasi, unalizungusha kama konokono, na kila mzunguko unaushona kwenye mzunguko uliotangulia kwa uzi unaoufunika mpaka nyasi hazionekani. Sindano yake ni spoku ya baiskeli iliyonolewa juu ya jiwe. Na uzi wake, hapo ndipo niliposahau kwenda nyumbani, ulitoka kwenye mifuko ya sandarusi. Anafumua mfuko uliokuja na unga au sukari, anapata nyuzi nyeupe, za bluu na za kijani, anazisokota pajani.

Mifuko ile nilikuwa nimeihesabu mimi. Kwa miaka mingapi ilikuwa imepita mbele yangu ikiwa tarakimu tu, na hapa ilikuwa inakuwa maua.

"Bibi, nifundishe."

"Wewe mwenye ofisi?"

"Mimi."

"Keshokutwa uje na mfuko. Mtupu, usiniletee matatizo."

3. Kitovu ndicho kigumu

Kila kikapu cha namna hii kinaanzia katikati, kwenye kiduara kidogo kuliko kifungo cha shati. Bado huna mzunguko wa kushikilia, nyasi zinataka kunyooka, uzi unateleza, vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Bibi hakuniambia nimekosea wapi. Alichukua, akatazama, akafumua, akanirudishia. Siku ya kwanza alifumua mara sita. Nilikuwa na miaka 41, nina wasaidizi wawili ofisini wanaoniita bosi, na nilikuwa natoka jasho juu ya kitu kisichofika ukubwa wa shilingi.

Na hapo, katikati ya fedheha, nikagundua kwamba saa nzima imepita na sijawaza lori hata moja. Sikuwa na nafasi. Kitovu kilikuwa kimejaa kichwa chote.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mtu atafute burudani katika jambo analoliweza tayari. Unaloliweza unalifanya huku unawaza mengine. Winston Churchill wa Uingereza alianza kuchora picha mwaka 1915, akiwa na miaka 40, baada ya kuondolewa kwenye wizara ya jeshi la majini, na alishika brashi bila kufundishwa kwanza. Na mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwakalisha watu wazima 39 wakafanya sanaa kwa dakika 45, wengine wakichora, wengine wakifinyanga. Kwa takriban robo tatu yao, homoni ya msongo iliyopimwa katika mate ilishuka, na waliowahi kufanya sanaa hawakuonekana kuwapita wasiowahi. Watu 39 ni wachache, hawajazi hata basi la Kasulu, kwa hiyo siwezi kuapa kwa utafiti huo. Lakini ulinipa moyo juu ya kikapu changu cha kwanza, ambacho kilikusudiwa kuwa sahani ya matunda kikaishia kuwa kofia. Mwanangu wa mwisho alikivaa wiki nzima.

4. Usiupeleke mfumo nyumbani

Hili nalisema haraka kwa sababu linanitia aibu. Mwezi wa pili nilitengeneza jedwali kwenye kompyuta: tarehe, idadi ya mizunguko, dakika kwa mzunguko, uzi uliotumika. Nikaweka hata lengo la wiki. Mke wangu alipoliona aliuliza, "Na hiki kikapu nacho kinavuka kwenda Burundi?" Nikafuta jedwali usiku uleule.

5. Muda hauji wenyewe

Kila ninayemweleza habari hizi ananiambia, wewe una muda. Sina. Msimu wa mizigo naingia ofisini saa moja asubuhi na natoka gizani. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita takriban 260, ilipokuwa inajengwa, malori yalifika kwa makundi baada ya mvua, na siku kama hizo hata chai unainywa umesimama. Nilichofanya ni kuchunguza siku yangu inavujia wapi. Kazi ya forodha ina kusubiri kwingi: kusubiri mfumo ufunguke, kusubiri mkaguzi, kusubiri malipo yasome. Kusubiri huko nilikuwa nakulisha simu. Sasa kuna mfuko wa nguo nyuma ya mlango wa ofisi, ndani yake nyasi, uzi na spoku. Dakika ishirini zinatosha nusu mzunguko, na nusu mzunguko unatosha kunirudisha duniani.

Huwa namfikiria sana Mtanga mwenzangu, Shaaban Robert. Watu wanamjua kwa vitabu. Wachache wanakumbuka kwamba aliingia idara ya forodha mwaka 1926 na akabaki humo hadi 1944. Miaka 18 ya ushuru na mihuri! Baada ya hapo akaendelea na kazi za serikali katika idara nyingine. Karibu maisha yake yote ya uandishi alikuwa mwajiriwa mwenye mkubwa wa kumtuma. Mathias Mnyampala wa Dodoma naye alikuwa karani, kisha liwali, kisha hakimu, na mashairi yakitoka. Na Mwalimu Nyerere, ambaye sidhani kama kuna aliyekuwa na kazi nyingi kumzidi, alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare ikatoka mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, nchi ikiwa mikononi mwake. Sisemi mimi ni wao. Nasema tu kwamba kila ninaposikia mtu akisema atashika kalamu au gitaa akistaafu, namwona karani wa forodha wa zamani ameinama juu ya karatasi jioni, mikono bado ina wino wa mihuri.

6. Watacheka, kisha watauliza bei

Kicheko kilikuja kwanza, kijiweni. "Wakala, siku hizi unamshonea nani?" Mwanaume na kikapu! Ajabu ni kwamba wazee wa kiume wanaleta matenga yao ya mianzi gulioni na hakuna anayewacheka. Tenga ni kazi. Kikapu changu chenye maua ya bluu kilikuwa mchezo, na mwanaume mzima haruhusiwi mchezo isipokuwa mpira, tena wa kutazama.

Kicheko nilikimudu. Kilichonishinda ni sifa. Kikapu cha tano kilitoka sawasawa, na maswali yakabadilika: kimoja shilingi ngapi? Sisi Watanzania hatuwezi kumwona mtu akifanya kitu kwa mikono yake tusimshauri afungue biashara. Anayepika vizuri afungue mgahawa, anayeimba aende studio, mwenye kuku watatu apanue banda. Nalijua chimbuko lake, nami sikejeli. Mshahara hautoshi, kila mwajiriwa ana kitu cha pembeni, na kumwonyesha mwenzako pesa ilipo ni upendo.

Basi akatokea mwenye semina Kasulu. Alitaka vikapu 40 vya kutilia zawadi za washiriki, shilingi 12,000 kila kimoja, ndani ya wiki sita. Nikapiga hesabu: 480,000. Nikakubali, nikapokea malipo ya awali.

Wiki ya tatu nilikuwa nashona saa nane usiku, taa ya sola inafifia, mgongo unawaka. Kikapu cha kumi na moja nilikichukia kama mtu. Kila mzunguko ulikuwa na bei, na kila niliposimama kunywa maji nilikuwa naona shilingi zinapotea. Mwenye semina akaomba ankara. Nikafungua kompyuta, nikaandika jina lake, idadi, bei, na nilipofika kwenye namba ya ankara nikaacha mikono juu ya vitufe. Nilikuwa nimejenga ofisi ya pili ndani ya nyumba yangu, na bosi wake alikuwa mkali kuliko wa ile ya kwanza.

Nilifikisha 14. Bibi na majirani zake wakamalizia 26, na fedha ya hivyo 26 ikaenda kwao. Tangu hapo nikiulizwa bei nasema hakiuzwi, na watu wanadhani nataka kupandisha.

Lazima niseme upande wa pili, maana kuna hatari ya kugeuza hili kuwa dini. Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na alichora ili auze. Aliuza, akafundisha ndugu na jamaa, na ingawa alifariki mwaka 1972, mtindo wake umelisha familia nyingi mpaka leo. Soko halikuiua sanaa yake. Lakini yeye alikuwa anatafuta riziki. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kukimbilia riziki isinipate, na nilipolifungulia soko mlango tu, likaja na viatu vyake likakaa kitandani.

7. Starehe yangu ni jembe la mwenzangu

Nilipokwenda kumshukuru Bibi kwa kuniokoa na vile 26, nilikaa kibarazani nikasema kwa moyo mweupe, "Bibi, kazi hii inaburudisha sana."

Akacheka mpaka akaweka spoku chini. "Inakuburudisha wewe," akasema, "kwa sababu ukiiacha leo, kesho bado unakula."

Nilikuwa nimekaa pembeni yake karibu mwaka mzima na sikuwa nimevitazama vidole vyake. Vina nyufa, na ncha ya kidole cha shahada imekuwa ngumu kama kwato. Bibi analea wajukuu. Shule ya serikali hailipishi ada, na ile ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare haishuki kutoka mbinguni, wala daftari, wala chumvi na sabuni. Kikapu kwake ni hesabu: nyasi siku moja, kufumua mifuko siku moja, kushona siku tatu, kisha gulio, na gulioni kuna mtu kama mimi, amevaa shati safi, anasema "punguza kidogo, Bibi."

Mimi ndiye yule. Kabla sijajifunza kushona niliwahi kununua kwake kikapu kwa shilingi 7,000 alipotaka 10,000, nikaondoka nikijiona mjanja. Ukishafumuliwa mara sita kwenye kitovu ndipo unapojua ile 3,000 ilikuwa ya nini.

Kwa hiyo nilibadilisha mambo kadhaa bila kuyatangaza. Namlipa kwa somo kama ninavyomlipa fundi mwingine. Mwanzoni alikataa, kisha akakubali nilipoiita "ya mfuko". Siombi bei ya mwanafunzi. Na sijawahi tena kuweka kikapu changu mahali ambapo mteja anaweza kukiona kando ya chake. Mshahara wangu unanipa uhuru wa kutoza bei ya chini, na bei yangu ya chini ingemnyima yeye sabuni. Nimeona jambo hili kwa wengi wa mjini wanaookota "kazi za mikono" kwa ajili ya utulivu wa nafsi. Ni vizuri, lakini watazame wamekalia kiti cha nani.

Siku ileile niliyokwenda kumshukuru nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mwanzo. Na yeye, akitaka kupumzika, anafanya nini?

"Kwaya," akasema, kama mtu anayetaja jina la mji wa kwao.

Jumatano na Jumamosi jioni anafunga kilemba, anakwenda mazoezini, anaimba sauti ya pili. Hajakosa mazoezi isipokuwa alipofiwa. Nikamwambia, bila kufikiri, kwamba wangerekodi wangepata chochote. Akanitazama kama alivyokitazama kitovu changu cha kwanza. Walisharekodi, zamani za kaseti. Zikauzika. Kisha ukazuka ugomvi wa nani kashika fedha, na kwa nusu mwaka hawakuimba kabisa. Walipopatana walikubaliana jambo moja: wataimba Jumapili na misibani, basi.

Mimi niliyefikia hapo kwa vikapu 40 na presha nilikuwa nimechelewa miaka thelathini.

8. Kikapu si dawa ya kazi mbovu

Mwaka jana niliulizwa na mkubwa mmoja wa kazini kama ningeweza kuwaeleza vijana wapya "siri" ya kukabiliana na msongo. Alikuwa amesikia habari za kikapu. Nilijua anachotaka: niwafundishe kushona ili waendelee kufanya kazi saa kumi na nne bila kulalamika. Nikamwambia nitawaeleza, lakini kwanza aajiri karani mwingine wa zamu ya jioni. Mazungumzo yakaishia hapo. Miezi mitano baadaye karani akaajiriwa, sijui kama ni kwa maneno yangu au kwa sababu ya faini za makosa yetu. Ninachojua ni kwamba karani yule amenisaidia kuliko kikapu chochote, na siyo dhambi kulisema.

Bado nakosea tarakimu. Mwezi uliopita niliandika namba ya lori vibaya, nikaigundua mwenyewe kabla ya kutuma. Zamani nisingeigundua. Hiyo ndiyo tofauti nzima ninayoweza kuitoa kama ushahidi, na mbele ya hakimu haitoshi.

Juzi nilimpelekea Bibi kikapu nilichoanza mvua zilipoanza. Kina kifuniko, na kwenye kifuniko nimejaribu pembetatu za kijani, nyuzi za mfuko wa mchele. Nilikuwa na fahari nacho, kusema kweli. Akakipokea kwa mikono miwili, akakizungusha taratibu, kidole gumba kikipita juu ya kila mzunguko kama mtu anayesoma. Mizunguko ya chini ikapita, ya katikati ikapita. Karibu na ukingo kidole kikasimama.

"Hapa," akasema, "ulikuwa ofisini."

Nikatazama. Uzi ulikuwa umebana mno, nyasi zimejikunja, kama upana wa vidole vinne hivi. Jumanne. Lori la mabati, na malipo yaliyokataa kusoma mpaka usiku. Akatoa spoku kwenye kilemba chake, akaanza kufumua, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka barabarani.